Stelingi na Mwenzake: Asili ya Ubishi wa Mashabiki Usukumani

Mapokeo ya Wasukuma yanawataja watu wawili wa karne ya 19, Gika na Gumha, kila mmoja mganga na mcheza ngoma, na kila mmoja akijiona hana mpinzani. Wafuasi wa Gika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu. Ushindani wao umewazika waanzilishi, ukawazika watemi na wakoloni, na hadi leo kundi la ngoma likiulizwa ni la upande gani halikosi jibu. Mgeni angedhani pande hizi zinatofautiana kwa ngoma zenyewe, lakini sivyo. Bugobogobo ya kurusha majembe, ngoma za mafundi wa nyoka, ngoma za wawindaji wa nungunungu, zote zimechezwa huku na huku. Kinachomweka mtu upande mmoja ni nani aliyemfunza, dawa alizopewa na jina analolitetea. Huu ni ushabiki mtupu, usiosingizia tofauti ya dini, kabila wala siasa, nao ulikwisha kuota mizizi katika nchi hii muda mrefu kabla ya mtu yeyote wa Shinyanga kuiona luninga. Nauleta hapa mbele kwa sababu siku hizi vijana na akina mama wanaobishana juu ya waigizaji wa Korea, China na Uturuki, nani ndiye mwigizaji mkuu, nani amebebwa tu na mwenzake, nani alistahili kuolewa, huambiwa kwamba wameiga ugonjwa wa watu wa mbali. Ubishi huo una kwao, na kwao ni hapa.

Tuitazame mbina, yaani mashindano yenyewe ya ngoma, jinsi inavyokwenda, maana watu wengi huitaja bila kueleza utaratibu wake. Msimu wake ni baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti, chakula kikiwa ghalani. Makundi mawili hupewa uwanja mmoja kwa saa zilezile, kila moja na upande wake. Hayapokezani zamu kama kwaya kanisani. Yote mawili yanapiga kwa pamoja. Watazamaji wako katikati, na miguu yao ndiyo kura. Aliyechoshwa na upande huu anahamia ule, na jioni upande uliozungukwa na watu wengi ndio ulioshinda. Kwa hiyo manju, yule kiongozi anayetunga na kuimbisha, hawezi kuishi kwa sifa za mwaka jana. Lazima abuni kitu cha kuwazuia watu wasiondoke. Ndipo zilipochongwa sanamu za mbao zenye viungo vinavyochezeshwa, ndipo walipoingizwa uwanjani chatu na fisi, na ndipo dawa ya mvuto, samba, ilipopata wateja. Wamisionari wengi waliiogopa mbina kwa sababu ya dawa hizo. Padri David Clement, Mkanada aliyefanya kazi Bujora karibu na Kisesa kuanzia miaka ya 1950, aliona njia nyingine: aliziingiza ngoma katika ibada, na sikukuu ya Ekaristi, ambayo Wasukuma huiita Bulabo, ikawa pia siku ya Bagika na Bagalu kupambana. Makumbusho ya Wasukuma yakafuata hapo hapo Bujora mwaka 1968. Alichokielewa padri huyo, kwa maoni yangu, ni kwamba ushindani wenyewe haukuwa dhambi.

Jambo ninalolishika katika maelezo haya ni uwanja. Ubishi wa nani bora kati ya manju wawili ungeweza kuchukua miezi, vilabuni na mashambani, lakini ulikuwa na siku ya kuamuliwa, na uliamuliwa mbele ya macho ya waliobishana. Aliyeshindwa aliweza kusema amerogwa. Hakuweza kusema hakuona. Naamini historia ya ushabiki katika ukanda huu, kuanzia mbina hadi tamthilia, ni historia ya uwanja huo: namna ulivyohama, ulivyobanwa, na mwishowe ulivyoondolewa kabisa mikononi mwa watazamaji. Mapenzi ya mtu kwa msanii wake hayajabadilika sana. Mahali pa kuyapima ndipo palipobadilika.

Mwadui, mkoani Shinyanga, ni mahali pazuri pa kulifuatilia jambo hili. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, alilipata jabali la almasi la Mwadui mwaka 1940, akisaidiwa kwa fedha na I. C. Chopra, mwanasheria Mhindi wa Mwanza. Ndani ya uzio wa mgodi ukazaliwa mji wenye shule, hospitali na wafanyakazi kutoka kila upande wa nchi. Mtu aliyetoka mbali kuja kufanya kazi ya mshahara hakuwa na Gika wala Gumha. Alihitaji upande mpya wa kushabikia, na mpira ukampa: timu ya Mwadui ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2015, ikaikuta huko Stand United, timu iliyozaliwa stendi ya mabasi ya Shinyanga, na mkoa ukapata mechi ya watani wa jadi ambayo jadi yenyewe haikuwa na umri wowote. (Utani wa jadi nao hutengenezwa, na huhitaji muda mfupi kuliko tunavyodhani.) Lakini nje ya uzio, Maganzo, na huko magharibi kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita kama Nyarugusu na Rwamagasa, ambako vijana hukaa wiki kadhaa kisha huhama, burudani iliyowafaa ilikuwa ile inayofungwa na kufunguliwa haraka: jenereta, luninga, deki, mabenchi na kiingilio kidogo. Banda la video.

Banda lilirithi sheria za mbina bila kujua. Mabanda mawili yakitazamana, spika zikielekezwa barabarani, ratiba imeandikwa kwa chaki mlangoni, mpita njia anasikiliza huku na huku kisha anachagua. Mwenye banda anayeonyesha picha isiyovutia anabaki na mabenchi yake. Na ndani ya banda kulikuwa na manju wa kweli, ambaye hakuwa Mkorea wala Mhindi: mtafsiri. Derek Gaspar Mukandala, aliyewahi kuwa askari na ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Lufufu, alijenga jina lake kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu yenyewe, na wengine wengi wakaifuata kazi hiyo. Sauti moja inasema maneno ya stelingi, yaani mhusika mkuu, ya adui, ya mama mkwe na ya farasi kama ikibidi. Inaongeza mzaha, inamtabiria jambazi mwisho wake, inampa mhusika jina la utani ambalo mwandishi wa Seoul hakuliota. Kwa hiyo watazamaji waliposhindana kuhusu nani ameigiza vizuri, kwa sehemu kubwa walikuwa wanapima uhodari wa mtu mmoja ambaye hakuonekana hata kwenye kioo. Mtafsiri alipompenda mhusika wa pili, watazamaji walimpenda pia. Hapo ndipo ninapopata ushahidi kwamba ukuu wa mwigizaji mkuu si mali ya filamu peke yake; hutolewa na anayeisimulia na huthibitishwa na wanaoisikiliza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Jumong, tamthilia ya Kikorea ya mwaka 2006 na 2007 yenye vipindi 81, iliyosambaa Tanzania kwa DVD. Mtu aliyelelewa na banda anajua kanuni moja: stelingi hafi. Jumong inaanza na Haemosu, shujaa anayepigana kama simba, na mtazamaji anamkabidhi moyo wake. Kisha Haemosu anatekwa, anapofushwa macho, anafungwa miaka ishirini, anarudi kumfundisha upanga kijana ambaye hajui kuwa ni mwanawe, na anauawa. Nani basi alikuwa stelingi? Wanaosema ni Jumong, aliyeigizwa na Song Il-gook, wana jina la tamthilia mkononi. Wanaosema Haemosu wana hoja pia: bila yeye, Jumong anabaki mwana wa mfalme mwoga asiyeweza kushika upinde. Huo ni ubishi wa mwalimu na mwanafunzi. Ubishi wa pili ni mkali zaidi. Soseono, mfanyabiashara mwenye akili na mali, ndiye aliyempenda Jumong kwanza, lakini Jumong anamwoa Yesoya, aliyezaa naye Yuri, kwa kuwa vita na siasa zilimtenga na Soseono. Baadaye anamwoa Soseono akidhani Yesoya amekufa, Yesoya anarudi, na Soseono, aliyesaidia kuujenga ufalme, anaondoka na wanawe kwenda kusini ili nyumba isigawanyike. Katika nchi ambayo watu wengi wamelelewa katika nyumba za wake wenza, hiyo si hadithi ya mbali. Anayemtetea Yesoya anatetea haki ya mke wa kwanza aliyevumilia shida. Anayemtetea Soseono anatetea jasho la mtu aliyejenga na kisha akaambiwa apishe. Mabishano hayo ni kesi ya ndoa iliyovaa mavazi ya Kikorea, na sioni kwa nini yadharauliwe.

Najua pingamizi linalokuja. Mtu anaweza kusema nimevuta kamba mno: mbina ilikuwa na dawa, viapo na mafunzo ya kweli, na manju alikuwa jirani anayeweza kukupiga ukimtukana, wakati Song Il-gook hana habari kama Maganzo ipo. Nakubali tofauti hiyo, na ina uzito. Mgika aliyehamia Bagalu alivunja ahadi. Mtu aliyemwacha Soseono akamhamia Yesoya amebadilisha maoni tu. Lakini pingamizi hilo linagusa waigizaji, wala haligusi watazamaji. Watazamaji wa mbina nao wengi hawakuwa wamefunzwa upande wowote. Walikuja kutazama, wakahama kwa hiari yao, na wao ndio waliokuwa mahakimu. Ninaowafuatilia katika historia hii ni hao wa katikati. Nao, kutoka mbina hadi banda, waliendelea na kazi ileile ya kusimama, kulinganisha na kuhama.

Walichopoteza walikipoteza baadaye, kwa njia iliyoonekana kama maendeleo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha luninga hadi mwaka 1994, na kwa miaka mingi baada ya hapo banda ndilo lililokuwa na picha. Mwaka 2011 shirika la utangazaji la taifa, TBC, lilirusha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake, sauti zote zikiwa zimeingizwa kwa Kiswahili. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Vikafuata ving'amuzi, na Azam TV ikatuletea tamthilia za Kituruki kwa Kiswahili, ikiwamo ile ya Sultan. Kila mhusika akapata sauti yake, na mtafsiri mmoja mwenye mizaha akakosa nafasi. Kwa upande mmoja hili lilikuwa jambo jema sana. Banda lilikuwa la wanaume, na mwanamke mwenye heshima zake hakuonekana kwenye mabenchi yale saa nne usiku. Sebuleni alikuwa na kiti chake, na mabishano ya Hurrem na Mahidevran wa Sultan, mke mpya na mama wa mwana mkubwa, yakawa yake kwa haki. Lakini sebule ina rimoti moja, na tamthilia inakuja saa iliyopangwa na kituo. Meryem Uzerli, aliyemwigiza Hurrem, alipoondoka mwaka 2013 na nafasi yake ikachukuliwa na Vahide Perçin, watazamaji wa Kishapu walipata Hurrem mwingine kwa uamuzi uliofanywa Istanbul kabla wao hawajaanza kuitazama. Wangeweza kukasirika, na wapo waliokasirika. Kuhama hawakuweza, kwa kuwa uwanja wa pili haukuwepo.

Wapo watakaonijibu kwamba simu imerudisha yote hayo: leo kijana wa Geita anachagua tamthilia anayoitaka, saa anayotaka, na kila anayetazama anahesabiwa. Kweli anahesabiwa, tena kwa uhakika kuliko macho ya watazamaji wa mbina. Ila hesabu hiyo inamwendea mwenye kampuni. Shabiki wa Soseono aliyeko Nyarugusu haoni wangapi wamemwacha na kwenda kwa Yesoya, wala wa Yesoya haoni wangapi wamebaki, na kila mmoja anaamini wengi wako upande wake. Hapo ndipo ubishi unapogeuka matusi. Bagika na Bagalu walitukanana pia, tena kwa nyimbo zilizotungwa kwa ustadi, lakini jua lilipozama, manju aliyeachwa na watu alikuwa na msimu mzima wa kilimo mbele yake wa kutafuta wimbo mwingine.