Ngazi ya Richmond

Kusini-magharibi ya mji wa London ipo mbuga iitwayo Richmond Park, yenye ukubwa wa eka 2,500 hivi. Mgeni aingiaye humo alfajiri, ukungu ungali umetanda mabondeni, husahau kuwa yumo mjini. Mialoni mikongwe imesimama kama wazee barazani, na chini yake hula ayala wapatao 630, wekundu kwa wenye madoa. Madume yao huota pembe zenye matawi, wakaziangusha kila mwaka na kuota nyingine. Mgeni huagizwa asiwakaribie chini ya mita 50. Nao humtazama kama wenyeji wamtazamavyo mpita njia.

Lakini wanyama hao hawakuhifadhiwa kwa ajili ya mgeni. Mfalme Charles wa Kwanza alihamia Richmond mwaka 1625 kuikimbia tauni ya London. Akapapenda kwa mawindo, na mwaka 1637 akapazungushia ukuta wa maili 8. Ndani ya duara hiyo yalikuwamo mashamba ya watu na malisho ya vijiji. Baadhi ya wenyewe walikubali kuuza, wengine walikataa. Washauri wake walimwonya. Ukuta ukajengwa vivyo hivyo. Ili kutuliza chuki, mfalme aliwaachia watu haki ya kupita kwa miguu na kuokota kuni. Ardhi ilikuwa imekwenda, ikabaki njia.

Haki ndogo haikosi mtu wa kuionea choyo. Mwaka 1751 Binti Mfalme Amelia, mtoto wa George wa Pili, alishika ulinzi mkuu wa mbuga, akafunga malango ila kwa rafiki zake na wachache wenye vibali. Watu walinung'unika, wakashitaki, na kesi ya kwanza, mwaka 1754, ikashindwa.

Ndipo alipotokea John Lewis, mtengenezaji wa pombe wa Richmond. Mwaka 1755 alikwenda langoni akataka kupita, akazuiwa na mlinda lango. Hakupigana, wala hakurudi nyumbani kunyamaza, alikwenda mahakamani. Hakudai ardhi wala mnyama. Alidai njia ya miguu tu. Mwaka 1758, mbele ya hakimu Sir Michael Foster, katika mji wa Kingston, alishinda.

Hakimu alimpa hiari: atake mlango ukutani, au ngazi ya kupandia juu yake. Lewis alichagua ngazi. Mlango, alisema, sharti ufungwe ili ayala wasitoke. Na mlango uliofungwa, mgeni atadhani umekatazwa, na siku moja utatiwa komeo. Ngazi haina komeo. Humpitisha mtu, wala haimpitishi mnyama.

Ngazi zikawekwa, lakini vidato vyake vilikuwa mbalimbali mno, watoto na wazee wakashindwa kupanda. Lewis akarudi kwa hakimu kulalamika. Foster, aliyekwisha kuliona jambo hilo kwa macho yake, aliamuru zitengenezwe hata vikongwe wa kike waweze kupanda. Hapo yafaa msomaji atue. Hila ya pili ya mwenye nguvu, akishashindwa hukumu, ni kuitii kwa namna isiyomfaa aliyeshinda. Haki iliyoandikwa karatasini hupimwa kwa mguu wa mdhaifu.

Mwaka 1761 Amelia aliuacha ulinzi wa mbuga. Lewis aliishi hata akafilisika, na uzeeni akasaidiwa kwa michango ya watu. Mwaka 1872 Bunge lilithibitisha kwa sheria haki ya umma kuingia, na mwaka 2000 mbuga ikatangazwa hifadhi ya taifa ya viumbe.

Leo aendaye kwa miguu huingia bila malipo, akawaona ayala. Ukuta wa mfalme ndio uliowatunza wanyama, na hilo halikanushiki. Lakini kama si yule mtengenezaji wa pombe, pengine wangetunzwa kwa macho ya wachache tu. Na jirani wa mbuga, ambaye babu zake walilima humo, angezisikia sauti zao kutoka nje.