Wichern na Vijana wa Vichochoro vya Hamburg

Udiakonia, unaotajwa leo katika taarifa ya kila mwaka ya usharika, una chimbuko lake kwa sehemu kubwa katika vitongoji maskini vya Hamburg, mji wa bandari wa Ujerumani.

Mwaka 1832 Johann Hinrich Wichern, akiwa na umri wa miaka 24, alirejea mjini humo kwao baada ya masomo ya theolojia huko Göttingen na Berlin. Alipewa kazi katika shule ya Jumapili ya Mchungaji Johann Wilhelm Rautenberg, kitongojini St. Georg. Umaskini hakuujua kwa kusimuliwa. Alifiwa na baba yake akiwa na miaka 15, naye, mzaliwa wa kwanza kati ya watoto saba, alilazimika kufundisha watoto wa watu kwa malipo ili mama na wadogo zake wale.

Walimu wa shule ile hawakungoja watoto wafike darasani. Walikuwa na chama cha kutembelea nyumba, na Wichern aliingia humo kwa bidii, akiandika kwa makini aliyoyaona: familia nzima kurundikana katika chumba kimoja, ulevi, watoto kutumwa kuombaomba. Ikamdhihirikia kwamba saa chache za Jumapili haziwezi kushindana na siku sita za kichochoroni.

Tarehe 12 Septemba 1833 alilieleza jambo hili mbele ya wakuu wa mji. Karl Sieveking, mmoja wa viongozi wa serikali ya Hamburg, akatoa nyumba kuukuu ya kuezekwa kwa nyasi katika kijiji cha Horn, iliyoitwa Rauhes Haus. Wichern akahamia humo pamoja na mama yake na dada yake tarehe 31 Oktoba, Siku ya Matengenezo ya Kanisa, na siku nane baadaye wakapokea wavulana watatu wa kwanza.

Ugeni wa mpango huu ulikuwa katika utaratibu wake. Hapakuwa na ukuta wala lango la kufungwa, ingawa baadhi ya watoto walikuwa wezi. Aliyepokelewa aliambiwa kwamba yaliyopita yamesamehewa, na hakuna aliyeruhusiwa kuyataja tena. Waliishi kifamilia, watoto kumi na wawili hivi chini ya “ndugu” mmoja, kijana aliyekula nao na kulala nao. Walilima, walishona viatu na nguo, walifanya useremala. Mwaka 1834 wavulana walishiriki kwa mikono yao kujenga nyumba ya pili. Mtoto aliyezoea kuitwa mharibifu sasa alilala chini ya paa aliloliezeka mwenyewe, na hilo pengine lilimfundisha kuliko mahubiri mengi. Mwaka 1835 wasichana nao walianza kupokelewa.

Hata shada la Majilio linalowashwa makanisani lilitoka humo. Inasimuliwa kuwa watoto walichoka kuuliza Krismasi itafika lini. Basi mwaka 1839 Wichern akachukua gurudumu la mkokoteni, akasimika mishumaa midogo 20 ya siku za kazi na mikubwa minne ya Jumapili.

Tarehe 22 Septemba 1848, katika mkutano wa Makanisa ya Kiinjili huko Wittenberg, alilitaka Kanisa zima liikubali kazi ya namna hii kuwa yake, nayo ikapata jina la Misioni ya Ndani. Hapa pana la kumkosoa. Mwaka ule wa mapinduzi aliona katika ghasia za wafanyakazi zaidi uasi dhidi ya Mungu, akagusa kidogo mno suala la ujira wao. Mtoto aliondolewa kichochoroni, kichochoro kilibaki.

Lakini wale “ndugu” hawakubaki Horn. Mafunzo yao yakawa shule ya mashemasi, wakatumwa magerezani, vituo vya yatima na miji mingine. Katika mwamko huohuo ilizaliwa Bethel, karibu na Bielefeld, mwaka 1867, ambayo chini ya Friedrich von Bodelschwingh ililea mashemasi wengi. Baadhi yao walifika Usambara. Huko Lutindi, mwaka 1896, kilifunguliwa kituo cha watoto waliookolewa utumwani, ambacho baadaye kilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Wichern alifariki tarehe 7 Aprili 1881. Majengo mengi ya Rauhes Haus yaliteketea kwa mabomu mwaka 1943, yakajengwa upya, na hata leo vijana wanalelewa humo.