Nyaya za umeme za nyumba za zamani

Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zilizotiwa umeme wakati wa utawala wa Waingereza ziliwekewa nyaya kwa kufuata kanuni za Uingereza, na baadhi zinatumia nyaya hizohizo hadi leo. Usalama wake hupimwa kwa mambo matatu: hali ya ganda la waya, waya wa ethi (unaopeleka ardhini umeme unaovuja), na mzigo wa umeme unaobebwa. Taa kuwaka vizuri si ushahidi wa lolote kati ya hayo.

Waya wa zamani ulikuwa wa shaba iliyopakwa bati na kuvikwa raba, kisha kitambaa cha pamba au ganda la risasi. Bati lilihitajika kwa sababu salfa iliyomo ndani ya raba huila shaba. Shaba hudumu, raba ndiyo inayochoka. Joto na hewa huikausha ikawa ngumu, na kwa kawaida huanza kupasuka karibu na holda za taa, kwenye joto la globu. Waya kama huo unaweza kutulia miaka mingi bila kuguswa, halafu ganda likapukutika siku fundi anapobadilisha swichi. Ndiyo maana kuuvuta au kuukunja ili kuukagua ni kosa. Plastiki ya PVC, iliyoenea kuanzia miaka ya 1950 na 1960, hustahimili zaidi.

Ethi ndiyo husahaulika zaidi. Nchini Uingereza, saketi za taa hazikulazimika kuwa na waya wa ethi hadi kanuni za 1966, hivyo taa na swichi za chuma za zamani huenda hazina kinga. Kwingine ethi ilitegemea bomba la chuma lililobeba nyaya, au bomba la maji. Pwani, viungio vya bomba huliwa na kutu, na bomba la maji likibadilishwa kuwa la plastiki, njia ya umeme kwenda ardhini hukatika bila mtu kujua.

Kisha kuna mzigo. Nyumba iliyopangiwa taa, redio na pasi sasa ina friji, kiyoyozi na shawa ya umeme. Shawa ya kilowati 5 kwenye volti 230 huvuta takriban ampea 22, na mkondo ukiongezeka mara mbili, joto ndani ya waya huongezeka mara nne. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, inatoa onyo. Kuifunga kwa waya mnene ni kuuondoa ulinzi wa mwisho, na waya wa ukutani ndio utakaoungua.

Harufu ya kuungua, soketi yenye joto, ukuta unaopiga shoti au taa kufifia pasi inapochomekwa ni sababu za kuzima mainswichi mara moja. Lakini uhakika hupatikana kwa vipimo. Umeme ukiwa umezimwa, fundi hupima ukinzani wa ganda kwa mega, yaani kipimo cha ukinzani, ya volti 500. Chini ya megaomu 1, saketi haifai. Hupima pia ethi. Breka ya uvujaji wa umeme ya miliampea 30 huokoa maisha, ingawa haiponyi waya uliooza.

Tanzania Bara mafundi hupewa leseni na EWURA, na Kenya hupewa na EPRA, mamlaka za udhibiti wa nishati za nchi hizo. Dai kuiona leseni hiyo kabla ya kazi kuanza. Raba iliyokauka haikarabatiwi kwa utepe: waya wote ubadilishwe.