Jinsi Wakulima wa Saskatchewan Walivyochukuliana Mzigo wa Ugonjwa

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee wetu. Lakini ugonjwa ni mzigo unaomfikia kila mtu kwa zamu yake. Habari tunazowapa wasomaji ni za Saskatchewan, jimbo la wakulima wa ngano katika nchi ya Kanada, ambako nyumba zi mbali mbali na baridi ni kali mno.

Karibu na mwaka 1915, watu wa wilaya ya Sarnia waliona ya kuwa watamkosa daktari wao, kwa kuwa ada za wagonjwa hazikumtosha. Basi wakamwekea dola 1,500 katika kodi yao ili akae kwao. Wilaya nyingi zikafuata mfano huo.

Mwaka 1944 serikali ya jimbo iliingia mikononi mwa Tommy Douglas, aliyekuwa mhubiri wa Kibaptisti. Alipokuwa mtoto, mguu wake uliugua hata ukakaribia kukatwa, nao wazazi wake hawakuwa na fedha. Daktari mmoja alimtibu bure, ili wanafunzi wake wapate kutazama, naye akapona. Douglas aliona si haki mguu wa mtoto kutegemea bahati. Tangu tarehe 1 Januari 1947 kila mtu alitoa dola 5 kwa mwaka, wala jamaa moja haikutozwa zaidi ya dola 30. Na gharama za hospitali zikalipwa kwa fungu la wote.

Ikabaki ada ya daktari. Sheria yake ilipoanza tarehe 1 Julai 1962, wakati wa Woodrow Lloyd, madaktari wengi walifunga milango, wakichelea kutawaliwa na serikali katika kazi yao. Serikali ikaleta madaktari kutoka Uingereza. Baada ya siku 23 wakapatana: bima ikasimama, na madaktari wasifanywe waajiriwa wa serikali. Mwaka 1966 Bunge la Kanada lilitunga sheria ya kuyasaidia majimbo yote kufanya vivyo hivyo, na kufika mwaka 1972 yote yalikuwa yameingia.

Hata leo watu wa huko hunung'unika kwa kungoja sana, wala bima hiyo haigusi dawa zote. Lakini hesabu ya Sarnia ingali ile ile: mtu hutoa angali mzima, ili zamu yake ifikapo asiulizwe fedha mlangoni.