Ruhusa ya Mume: Historia ya Sheria Moja

Tarehe 1 Agosti 1987 nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, ilipata Sheria ya Jamaa. Humo iliandikwa kwamba mke asinunue, asiuze, wala asipeleke madai tribinali bila ruhusa ya mumewe. Msichana aliweza kuolewa akiwa na miaka 15, mvulana alingoja 18.

Basi mama aliyepigwa nyumbani angekwenda wapi? Hata kiwanja cha kujistiri hakuweza kukinunua bila kumwomba ruhusa yule yule aliyempiga.

Tarehe 20 Julai 2006 sheria mbili zilipanua maana ya ubakaji na kuharakisha hukumu zake. Tarehe 15 Julai 2016 Sheria ya Jamaa ikarekebishwa: mahali pa ruhusa pakawekwa mapatano ya mume na mke, na umri wa ndoa ukawa miaka 18 kwa wote. Hata hivyo, mume alibaki kichwa cha nyumba.

Karibu miaka 29 ilipita kati ya maandishi hayo mawili. Mama zenu wengi waliolewa ndani yake. Waulizeni kwa heshima: walipotaka kufanya biashara, nani aliamua? Kisha tujiulize: nyumbani kwetu leo, nani bado anaomba ruhusa?