Seli za kinga za tilapia wa kufugwa

Tilapia, ambaye Watanzania humwita sato, hatengenezi seli za kinga ndani ya uboho wa mifupa kama binadamu. Kazi hiyo hufanywa na figo, na seli T hukomaa katika tezi ya thaimasi iliyo karibu na matamvua. Humo kila seli hukata vipande vya jeni zake na kuviunganisha upya, ikajipatia kipokezi cha kutambua adui fulani. Mpangilio huo haurithiwi: vifaranga wa samaki walionusurika huanza upya, ingawa ustahimilivu wa jumla hurithiwa kwa kiasi. Kwa mfugaji wa Kabuga anayenunua vifaranga, hilo si dogo. Kirusi cha tilapia, kilichoelezwa kwanza Israeli mwaka 2014, kiliripotiwa katika Ziwa Victoria mwaka 2018.