Ndege Zilizopitiliza Njia

Wakazi wa Homa Bay wanaopandia ndege Kabunde, na wenzao wa Migori waliozoea Lichota, huenda wasijue kwamba usafiri wa anga uliingia katika nchi hizi za Ziwa kwa njia ya maji: mwaka 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilifungua safari ya kutoka London hadi Mwanza kupitia Kisumu, na tangu 1937 ndege zake kubwa zenye tumbo la mashua zikawa zikitua katika Ghuba ya Winam, ambako rubani aliyechelewa kugusa maji alikuwa bado na maji tele mbele yake.

Nchi kavu haina ihsani hiyo. Ndege iliyogusa chini mbali mno, au kwa kasi iliyozidi, au juu ya lami iliyorowa ambapo magurudumu huteleza badala ya kushika, huweza kuumaliza urefu wote wa njia ya kutulia kabla ya breki kufua dafu. Na hapo salama ya abiria hutegemea kilichoko mbele. Huko Goma, baada ya lava ya volkano ya Nyiragongo kufunika sehemu ya njia mwezi Januari 2002, ndege aina ya MD-82 ilipitiliza tarehe 19 Novemba 2009 ikaingia katika mawe yale yale, watu wakajeruhiwa, ila kwa rehema ya Mola hakuna aliyekufa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga hupendekeza mita 240 za ardhi iliyo wazi mwishoni mwa njia kubwa. Nami naona ardhi ya namna hiyo, Kabunde na Lichota, ni amana isiyofaa kugawiwa mtu yeyote.

Mwanza nako, tarehe 1 Machi 2010, Boeing 737 ya Air Tanzania ilitoka njiani ikitua.

Lakini kadhia ya ajabu zaidi ni ya Arusha. Tarehe 18 Desemba 2013 Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, yenye watu zaidi ya 200, ilikuwa ikienda Kilimanjaro, ambako ndege ndogo yenye hitilafu ilikuwa imeziba njia. Badala yake ikatua katika uwanja mdogo wa Arusha, wenye njia isiyotimia nusu ya ile ya Kilimanjaro, ikaishia majanini, magurudumu yamezama katika udongo laini. Abiria walikaa ndani saa kadhaa, kwa kuwa Arusha haikuwa na ngazi za kimo kile. Ndege ilinasuliwa, ikapunguziwa uzito, na siku chache baadaye ikaruka bila abiria kutoka njia ile ile fupi.